Jefwa Mwinga, Aliyeizunguka Ndege Yake Kila Siku Isipokuwa Moja

Mchungaji wetu, wazee wetu, ndugu zetu Waislamu mliotoka Msambweni na Gazi kuja kutushika mkono, na nyote majirani wa Mkongani, tunawasalimu kwa heshima. Haya ni maisha ya ndugu yetu mpenzi Jefwa, mwana wa Mwinga, tunayemzika leo Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1967. Yameandikwa na dada yake, Hannah Jumwa, na ndiye anayewasomea. Elimu yake ni ya darasa la nne la misheni, kwa hiyo palipo na kosa la kuandika mtamsamehe. Palipo na maneno machungu, hilo si kosa la kuandika.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Mkongani mwezi wa Machi mwaka wa 1924. Baba yetu, mzee Mwinga, alikuwa amehamia huku kutoka Rabai kutafuta ardhi ya kulima. Mama alijaliwa watoto watatu: Kitsao ambaye ndiye mkubwa wetu, kisha mimi Jumwa, na mwisho Jefwa, kitinda mimba. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi alipozaliwa, na mgongo uliombeba mpaka akajua kutembea ni huu. Alikuwa mtoto mzito, asiyelia ovyo, mwenye kutazama vitu kwa muda mrefu. Ukimpa muwa, hautii mdomoni kwanza. Augeuza, autazama huku na huku, ndipo atafuna.

Lakini siku moja hakutazama. Alikuwa na umri wa kama miaka saba. Alichukua nyungo mbili za mama za kupepetea, akajifunga mikononi kwa kamba za mkonge, akapanda juu ya paa la banda la mbuzi akaruka. Kamba ya kulia ikafunguka, naye akaangukia vyungu vya maji. Vyungu vikavunjika na mkono ukateguka. Baba akaja mbio, akamwinua, akamwuliza kabla hajampangusa:

“Kamba hizi alikufunga nani?”

“Nilijifunga mwenyewe, baba.”

“Ulizitazama kabla hujaruka?”

“Sikuzitazama.”

“Basi usimtafute wa kumlilia. Mwenye kamba ni wewe.”

Majirani wakacheka sana. Bibi mmoja jirani, marehemu sasa, akasema, “Mwinga, mchunge mtoto huyo. Wanaoruka kwa ungo twaijua kazi yao!” Watu wakacheka tena, maana kila mtu wa huku anajua ni kina nani wanaosemwa kuruka kwa ungo usiku. Mzaha ule ulimfuata Jefwa ukubwani, akawa anaucheka mwenyewe. Siku hizi nne tangu aanguke mzaha umegeuka kuwa mashtaka, na anayeshtakiwa si yeye. Nitafika huko.

Mwaka wa 1933 alipelekwa Rabai kwa mjomba wetu, akaanza masomo katika shule ya misheni. Alibatizwa huko kwa jina la Samweli, ingawa sikumbuki mtu aliyemwita hivyo isipokuwa mchungaji. Alimaliza darasa la sita mwaka wa 1939. Hakuwa wa kwanza darasani wala hakuwa wa mwisho. Mwalimu wake alituambia kwamba Jefwa humaliza hesabu baada ya wenzake wote, kwa kuwa akishapata jibu huirudia tangu mwanzo. Wenzake walimcheka kwa hilo. Tangu utoto wake, watu walimcheka kwa jambo lile lile ambalo lingemweka hai.

Mwaka wa 1942, vita vya Wazungu vilipokuwa vimepamba moto, aliajiriwa Port Reitz katika karakana ya kutengeneza ndege. Alikuwa fundi seremala, na zamani zile ndege nyingi zilikuwa za mbao na kitambaa. Huko ndiko alikofundishwa kuizunguka ndege. Alinieleza mara nyingi, nami naeleza kama alivyonieleza. Kabla ndege haijaruka, mwenye kuirusha huanza puani. Huizunguka yote kwa miguu yake, mkono ukiipapasa, bawa hili, mkia, bawa lile, mpaka arudi puani alipoanzia. Akishapanda, hutikisa usukani huku anatazama nyuma aone mkia unaitikia. Na ukiiacha ndege hiyo, hata kama ni kwenda kunywa maji tu, ukirudi unaanza upya. Hakuna kusema niliitazama asubuhi. Ya asubuhi imekwisha na asubuhi yake.

“Dada,” alikuwa akiniambia, “fundi anaweza kukosea, na mlinzi anaweza kukosea. Lakini aliyekaa kwenye usukani ndiye mwenye dhamana. Yeye hana wa kumsingizia.”

Vita vilipokwisha alifanya useremala Mombasa, na mwaka wa 1951 akapata kazi katika shamba moja la mkonge upande wa Msambweni. Mzungu mwenye shamba alikuwa na kiwanja chake cha nyasi cha kushushia ndege, na ndani ya banda alikuwa ameanza kujitengenezea ndege ndogo ya mbao, ya watu wawili, kwa kufuata michoro. Jefwa akawa mkono wake wa kulia. Mwaka wa 1962, uhuru ulipokaribia, mzungu yule alifunga virago akarudi kwao. Ile ndege ambayo haijakwisha, mbavu tupu bila ngozi, alimwachia Jefwa, pamoja na ruhusa ya kutumia banda na kiwanja. Watu walimwambia aivunje atengeneze vitanda. Hakuivunja. Mchana alifanya kazi zake za useremala, na jioni alikuwa bandani. Mwaka wa 1965 alipata leseni ya urubani kule Mombasa, baada ya kusoma kwa taabu nyingi. Ndege yenyewe ilikamilika mwaka huu.

Mkaguzi alitoka Nairobi akaja akaitazama, akarudi, akaja tena. Safari moja alimkuta Jefwa amelivunja bawa lake mwenyewe kwa nyundo. Kaka yetu Kitsao alikuwapo siku hiyo ya kuvunja, akashika kichwa.

“Jefwa, umerukwa na akili? Kazi ya miezi yote hii!”

“Gundi ilishika wakati wa masika, kaka. Haikukauka sawasawa.”

“Nani ataiona gundi ndani ya bawa?”

“Hataiona mtu. Lakini wa kukaa chini ya bawa hilo ni mimi.”

Mkaguzi aliposikia hayo alimpa mkono. Baadaye kikaja kibali, na kibali kilikuwa na masharti. Mpaka saa za majaribio zitimie, Jefwa aruke peke yake, asimpakie mtu yeyote, na asipite juu ya mji wala juu ya mkusanyiko wa watu. Alikibandika kibali hicho mlangoni mwa banda, na kila aliyekuja kuomba kupandishwa alisomewa. Wengi walisomewa. Wengine mko hapa.

Ndipo likaja jina la Kuku. Kwa kuwa ndege ilikuwa ikikimbia kiwanjani huku na huku kwa wiki nyingi bila kupaa, akiijaribu breki na injini, watoto na watu wazima walikuwa wakimwita njiani, “Jefwa, kuku wako ataruka lini?” Naye aliwajibu, “Kuku asiyeruka hana ugomvi na mwewe.” Alicheka nao. Lakini mkewe alikuwa akimwona nyumbani kwamba hacheki.

Nimemtaja mkewe. Marehemu alifunga ndoa takatifu tarehe 5 Agosti 1950 na Kache, binti wa mzee Kaingu wa Kaloleni, nao Mungu akawajalia watoto watatu, wa kwanza akiwa Mwinga. Wifi yangu Kache ni mshonaji. Mashine yake ya kushonea mnaijua, maana nusu ya sare za watoto wa shule ya hapa zimepita chini ya sindano yake. Ngozi ya ndege ile ni kazi ya mikono yake. Alikata kitambaa, akakishona, Jefwa akakivisha mabawa na kukipaka dawa ya kukikaza mpaka kikalia kama ngoma. Mshono ukipinda kidogo, Jefwa aliurudisha.

“Baba Mwinga, hii ni ndege au ni nguo ya biarusi?” alimwuliza siku moja nikiwapo.

“Nguo ya biarusi ikichanika, watu hucheka,” alijibu. “Hii ikichanika, utalia wewe.”

Kache akaufumua mshono, akaushona tena, huku akimnunia. Kwa miaka ile yote alikuwa naye bandani, na kuizunguka ndege alikujua kama alivyojua sala ya Baba Yetu. Mara nyingine Jefwa alimwambia ajifanye rubani, azunguke, yeye akiwa ameficha kosa mahali fulani ili aone kama atalipata. Alilipata.

Siku ndege ilipopaa mara ya kwanza, tarehe 19 Agosti mwaka huu, akina mama walitandika leso zao juu ya nyasi ili ipite juu yake, kama tunavyomtandikia biarusi. Lilikuwa jambo la heshima na furaha. Jefwa aliteremka kutoka ndani ya ndege, akaziokota leso zote, akazikunja, akamrudishia kila mmoja yake kwa mikono miwili. “Mama zangu, heshima nimeipokea. Lakini leso ikivutwa na propela, badala ya kula pilau tutakaa matanga.” Baadhi yenu mlikasirika, mkasema Jefwa amezikataa leso zenu kwa kiburi cha kizungu. Hakuzikataa zote. Alichana upapi wa kitambaa kutoka leso nyekundu ya mkewe, Kache akaufunga kwenye kibanio cha mkia.

Kibanio hicho ndicho mnachokiona juu ya jeneza. Ni vipande viwili vya mbao vinavyoubana ubao wa mkia, ule unaopanda na kushuka, ili upepo usiupigepige ndege inapokuwa imesimama. Ndege ikitaka kuruka sharti kitolewe. Kisipotolewa, mkia haugeuki, na rubani amekalia usukani usiosukuma kitu. Ndiyo sababu ya kitambaa chekundu. “Leso ina mahali pamoja tu kwenye ndege,” Jefwa alisema. “Hapo nyuma, ipeperuke, mtu aione akumbuke.”

Sasa nafika kwenye siku yenyewe.

Mwezi wa Novemba kamati ya sherehe za Jamhuri ilikuja nyumbani kwa marehemu. Kaka yetu Kitsao ndiye aliyeileta. Walisema mwaka huu mgeni rasmi atafika kiwanjani kwa ajili ya ndege ya mwana wa Kwale, na wakataka aipitishe juu ya watu. Jefwa aliwasomea kibali.

Kitsao akamwambia, “Kibali kimetoka Nairobi. Mgeni naye anatoka Nairobi. Mkubwa ni nani?”

“Ndege haimjui mkubwa, kaka.”

Waliondoka. Wakarudi na wazee. Safari hii maneno yalikuwa makali zaidi, na moja lilimchoma mpaka akaja kunisimulia kwangu. Aliambiwa, “Mzungu wako amekwenda zake miaka mitano sasa, na wewe bado washika sheria zake. Uhuru wako uko wapi?” Jefwa angeweza kusema kwamba mabawa hayana bendera, ukikosea yatakuangusha uwe nani. Aliniambia neno hilo lilimjia akiwa njiani kwangu, limechelewa. Mwishowe alikubali nusu. Angeruka peke yake, asipite juu ya watu, azunguke upande wa mikonge kisha atue. Aliona kwamba amewaridhisha wao na hakuvunja kibali. Mimi naona hapo ndipo alipoanza kupinda. Namsema kwa mapenzi.

Siku ya Jumanne, tarehe 12 Desemba, mgeni rasmi alitarajiwa saa tatu za asubuhi. Saa mbili na nusu Jefwa alikuwa ameshaizunguka ndege, amekitoa kibanio, yu tayari. Watu wote walimwona. Saa tatu ikapita, na saa nne, na saa sita. Watoto wa shule walikuwa wamesimama juani na bendera zao, mmoja akazirai. Akina mama tulikuwa kwenye masufuria ya pilau ng'ambo ya banda. Ikawa saa saba, na upepo wa kaskazi ukaamka, ukaanza kuutikisa mkia. Jefwa akaenda akakirudisha kibanio kwa mkono wake. Aliyemwona ni mzee Mbwana Chirau, mlinzi wa kiwanja, ambaye yuko hapa nasi, na ambaye ameniruhusu kuyasema haya na kumtaja jina.

Mzee Mbwana alimwuliza, “Bwana Jefwa, si ulikwisha itazama?”

“Nitaitazama tena, Mbwana.”

Wallahi ndivyo alivyosema, ananiambia mzee Mbwana, na mimi naamini, kwa kuwa ndivyo alivyosema miaka yote. Kisha mzee Mbwana akaitwa upande wa mwisho wa kiwanja kufukuza ng'ombe walioingia.

Mgeni rasmi alifika saa nane na robo. Hakuomba radhi. Hakushuka kwanza, alitoa kichwa dirishani mwa gari akasema, “Haya, iko wapi hiyo ndege? Nina safari ya Vanga, na ile njia mwaijua.” Basi ndipo kila mtu akaanza kukimbia.

“Jefwa, ingia!” Kitsao akaita. “Mgeni ataka kuondoka!”

“Ningojeni niizunguke, kaka.”

“Uliizunguka asubuhi, dunia nzima imekuona! Wataka kutuaibisha?”

Vijana wakashika wimbo, “Kuku! Kuku! Kuku!” na kupiga makofi. Hata watu wazima waliimba. Mgeni akacheka, akatazama saa yake. Jefwa akawatazama watu, akatazama ndege. Yeye naye akacheka, akapanda. Hakuizunguka. Usukani hakuutikisa. Injini ikawaka.

Kache alikuwa amesimama upande wa mkia, mbali kidogo, na mtoto wake mdogo kiunoni. Akakiona kitambaa chekundu kinapeperuka. Akamtua mtoto, akakimbia anapiga kelele, “Jefwa! Mkia! Jefwa, mkia!” Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, niliisikia sauti hiyo kupita mlio wa injini, nikadhani mtoto ameungua.

Lakini sisi tuna mila yetu. Mtu akishatia mguu njiani haitwi kwa nyuma. Ukimwita unamtilia mkosi, na safari yake haifiki. Hiyo tumefundishwa na bibi zetu, na hata sisi wa kanisani bado tunaishika kimya kimya. Akina mama walimdaka Kache.

“Wee! Mtu aitwa kwa nyuma?”

“Kibanio! Niacheni, kibanio hakikutoka!”

“Shemeji, funga mdomo huo!” Kitsao akasema. “Wamtilia mumeo mkosi mbele ya wageni!”

Na mmoja wenu akashika ncha ya leso ya Kache mwenyewe, akamziba nayo mdomo. Simtaji. Mkono wake anaujua.

Ndege ilikimbia ikapaa. Watu wakashangilia. Ikainua pua, ikazidi kuinua, kama mbuzi anayesimama kwa miguu ya nyuma afikie majani. Ikaning'inia. Bawa la kushoto likalala, ikaingia kwenye mikonge. Haikuwaka moto. Gari la mgeni lilikuwa la kwanza kuondoka, na halikwenda upande wa hospitali. Mzee Mbwana na vijana wawili ndio waliomtoa, wakampakia kwenye lori la kuchukulia mkonge. Kibanio alikikuta mzee Mbwana kimebana pale pale, fundo la Kache halijalegea.

Marehemu hakuwa na historia ya ugonjwa. Alilazwa hospitali akiwa amevunjika uti wa mgongo na mbavu, na madaktari na wauguzi walimhudumia kwa wema, tunawashukuru. Akili yake ilikuwa timamu. Siku ya Jumatano jioni tulikuwa kando ya kitanda, Kitsao na mimi. Kache alikuwa ameambiwa na wazee asiingie. Alikaa nje ukutani.

Jefwa akaniuliza, “Dada, kitambaa kilikuwapo?”

“Kilikuwapo.”

Akasema, “Basi ni mimi.”

Kitsao akamwambia, “Usiseme hivyo, ndugu yangu. Hapa pana mkono wa mtu.”

Nyote mnajua maana ya neno hilo. Jefwa akauinua mkono wake wa kulia, ule ule ulioteguka utotoni. Ndio pekee uliokuwa ukiinuka.

“Mkono wa mtu ni huu,” akasema. “Nilikiweka mimi. Wa kukitoa ni mimi. Kelele zenu nilizisikia, lakini usukani nilikuwa nimeukalia mimi.”

Kisha akanigeukia. “Dada, najua wewe ndiye utakayesoma maisha yangu. Usinisafishe. Ukinisafisha mimi, uchafu watampaka Kache.”

Ndugu yetu aliaga dunia jana, Ijumaa tarehe 15 Desemba, alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu. Kabla ya hapo aliomba Kache aingie. Nilikwenda nikamleta mwenyewe, nikapita naye mbele ya wazee. Maneno yao ya mwisho ni yao.

Kwa hiyo, waombolezaji, sikumsafisha. Najua mila yetu, marehemu hasemwi. Lakini yeye mwenyewe ameagiza, na mimi siwezi kumwangusha akiwa ameshakufa. Jefwa alikuwa mtu mwangalifu kuliko sote. Siku moja aliona haya kuwa mwangalifu mbele ya watu, na siku hiyo ilitosha.

Tangu Jumanne nasikia watu wakinifariji kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mimi nampenda Mungu wangu, namwomba asubuhi na jioni, na kwa hiyo sitamsingizia. Mungu hakukibana kile kibanio, wala hakuchelewa njiani kwa muda wa saa tano. Wala sikumsikia Mungu akiimba “Kuku.” Alimpa Kache macho ya kuona na sauti ya kuita, na rehema hiyo tuliiziba kwa leso.

Tena nasikia kwamba siku ya Jumatatu Kache atapelekwa kwa mganga alishwe kiraho, kiapo cha kumjua mchawi, kwa kuwa alimwita mumewe kwa nyuma, na kwa kuwa ameolewa na mtu aliyeruka kwa ungo tangu utoto na huenda ni yeye aliyeurithi ungo huo wa kichawi. Nasikia pia kwamba atarudishwa Kaloleni na watoto watabaki. Wanaoyasema hayo ni wale wale waliosikia “kibanio hakikutoka” kwa masikio yao. Mnamtafuta mchawi ili msizisikie sauti zenu wenyewe.

Kaka yangu Kitsao, shikamoo. Wewe ni mkubwa wangu na sijawahi kukupinga mbele ya watu. Nakuheshimu leo kama jana. Lakini mimi ni shangazi wa watoto wale, na kwa desturi yetu shangazi ana neno juu ya nyumba ya ndugu yake. Neno langu ni hili. Kache hali kiraho. Haendi Kaloleni ila kuwasalimu wazazi wake, na atarudi. Watoto ni wake. Mwenye kutaka kumtoa katika nyumba ile atanikuta mlangoni, nami nimehamisha kitanda changu tangu jana.

Marehemu amemwacha mjane wake mpenzi, Kache Kaingu. Ameacha watoto Mwinga, Jumwa mdogo na Kaingu. Kaka yake Kitsao na dada yake Hannah Jumwa. Wapwa, mashemeji na wakwe. Na rafiki yake wa miaka mingi, mzee Mbwana Chirau, aliyemchimbia kaburi pamoja na vijana wetu ingawa si dini yake.

Limebaki jambo moja, na mchungaji amenikubalia. Wabebaji, msiliguse jeneza bado. Kache atalizunguka. Ataanza kichwani, apite ubavu huu, aende miguuni, arudi kwa ubavu ule mpaka alipoanzia, mkono ukipapasa, taratibu kama alivyofundishwa. Atakitoa kibanio kwa mkono wake. Hapo ndipo mtainua. Na akisema “Ngojeni,” tutangoja, hata jua likitua.

Ndugu yangu Jefwa, nimesoma kama ulivyoniagiza. Bwana akupokee, akulaze kwa amani yake.

Wifi yangu, anza kichwani.